Mpira wa Aliyeitwa

Tuanze na hilo jina lenyewe tulimalize, maana kulirudia kunanichefua. Walimwita Harufu. Binti mzima, mrefu, mikono imenyooka, mfungaji wa timu ya netiboli ya shule, mpira ukimfikia mkononi ujue umeshaingia, na wao wanamwita Harufu. Sisi hapa tutamwita Mfungaji, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoifanya na aliifanya vizuri.

Na kama unataka kujua, alinukia mafuta ya nywele. Mama yake alikuwa msusi, akisukia watu hapohapo sebuleni, na nyumba nzima ilinukia hivyo mpaka mito ya makochi. Yeye hakuwa na shida yoyote. Walichokosea adabu ni gari la baba yake.

Baba yake alikuwa mnyonya vyoo. Gari lake lilikuwa na tangi la kijani mgongoni, bomba nene limeviringishwa ubavuni, na pampu ambayo ikiwashwa vikombe vya jirani vinagongana kabatini. Shimo la choo likijaa unampigia simu, anakuja, anateremsha bomba, ananyonya, anaondoka, nawe unarudi kuishi kama binadamu. Mwenyewe alikuwa na mizaha yake. "Mji huu bwana," alizoea kusema akivua buti mlangoni, "kila mtu ananizibia pua, na kila mtu ana namba yangu ya simu."

Sasa siku moja, Mfungaji akiwa bado wa madarasa ya chini, vyoo vya shule vilijaa. Gari likaja saa ya mapumziko, watoto wote wako nje. Baba mtu akateremka na ovaroli yake na glovu, akaangaza macho, akamwona binti yake katikati ya wenzake, akampungia mkono. Alipunga kwa furaha kama baba yeyote anayemwona mwanawe mahali asipomtarajia. Mtoto naye akapunga. Pembeni yake alikuwepo msichana mmoja mwenye maneno mengi, huyu ambaye baadaye alikuja kuwa senta wa timu na kapteni wake. Senta akabana pua, akasema, "Ahaa, kumbe ndiyo maana! Harufu!" Uwanja mzima ukacheka.

Gari liliondoka mchana uleule. Jina lilibaki.

Tena lilibaki kwa namna ya ajabu, maana watu wakiligeuza tusi kuwa mapenzi hujui utalishika wapi. Mfungaji alipokua na kuanza kufunga magoli, jina likapanda naye. Akifunga, shule nzima inabana pua na kuimba, "Ha-ru-fu! Ha-ru-fu!" huku wanaruka. Waliimba kwa raha zao zote. Ungewauliza wangekuapia kwamba wanampenda. Naye alijifundisha kutabasamu, kwa sababu ukinuna mbele ya watu wanaokushangilia unaonekana wewe ndiye mwenye roho mbaya. Darasani nako mwalimu alisoma namba za mahudhurio, wewe unajibu "nipo" unakaa. Kwa hiyo ikawa hivyo miaka nenda rudi: namba asubuhi, Harufu mchana kutwa, na jina lake mwenyewe mpaka afike nyumbani.

Baba aliambiwa? Wapi! Ila baba si mjinga. Kila asubuhi alipokuwa akimpeleka shule kwa lile gari, alisimama kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi, mbali na geti, akisema kule mbele hakuna pa kugeuzia. Pa kugeuzia palikuwepo, tena pana, malori ya kuni za jikoni yaligeuzia hapo. Mfungaji aliteremka konani bila kusema kitu, na baba akageuza bila kusema kitu, na kila mmoja akadhani anamsitiri mwenzake.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka amalize shule, kama si mdogo wake.

Mdogo wake alianza darasa la kwanza mwaka ule ambao timu ilifika fainali. Mtoto mwenye domo huyo, mapengo mawili mbele, akiuliza swali moja anakuwa tayari ana mengine matatu. Wiki chache za kwanza alirudi nyumbani akiimba. Kisha siku moja, Mfungaji alipokwenda kumchukua darasani kwao, hakumkuta. Alimkuta nyuma ya madarasa, kwenye bomba la maji, amevaa sare yake hivyohivyo mwilini, ameloa chapachapa kuanzia kola mpaka soksi, anajisugua kifuani na kipande cha sabuni alichokiokota.

"We! Unafanya nini?"

"Nafua," akasema mdogo mtu, meno yanagongana kwa baridi. "Wameniita Harufu Ndogo. Nimefua jana, leo wakasema bado." Akainua uso. "Dada, wewe ulifua mpaka lini ndiyo wakaanza kukupigia makofi?"

Mfungaji akafunga bomba la maji. Alimvua sweta lake lililoloa, akamvika la kwake ambalo lilimfika magotini, akamshika mkono. Alikuwa na hasira, hasira kwelikweli, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu ya lile tabasamu lake la miaka yote. Alilivumilia jina akidhani litamwishia yeye, kumbe alikuwa anamtunzia mwenzake.

Nyumbani mdogo mtu akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani. "Siendi tena," akasema.

"Utakwenda."

"Siendi. Nitasuka watu na mama."

"Hujui hata kufunga kamba za viatu, utamsuka nani?" Mfungaji akachuchumaa mbele yake. "Nisikilize. Jumamosi tuna fainali. Njoo na mama. Usimame karibu kabisa na mstari uone vizuri. Ukinisikia nimeitika lile jina, hata mara moja, basi baki nyumbani, mimi mwenyewe nitamwambia baba usisumbuliwe. Nisipoitika, Jumatatu unavaa viatu. Sawa?"

Mtoto akamtazama. "Hata ukifunga goli wakaimba?"

"Hata wakiimba."

"Sawa," akasema, lakini viatu akaviacha kulekule chini ya kitanda.

Kesho yake, kabla ya mazoezi, Mfungaji alimfuata Mwalimu wa Michezo. Huyu alikuwa mtu wa makelele na firimbi, tumbo limetangulia, moyo si mbaya, ila mambo yote kwake ni mchezo. Alikuwa na sheria moja aliyoiheshimu kuliko chakula: hakuna kurusha mpira bila kuita. Ita kwanza, ndipo urushe. "Mpira ni wa aliyeitwa!" ndiyo ilikuwa kelele yake ya kila siku. Ukirusha bila kuita unazunguka uwanja. Ukiudaka mpira ambao hukuitwa, unazunguka vilevile. Timu za shule nyingine ziligongana vichwa kama kuku waliotupiwa mahindi. Yake haikugongana, na ndiyo maana ilifika fainali.

"Mwalimu," akasema Mfungaji, "naomba wasiniite tena lile jina."

"Jina gani?"

"Unalijua, mwalimu. Hata wewe unaniita hilo."

Mwalimu akacheka, akampiga bega. "Aa, mwanangu, huo ni utani tu! Mbona umekuwa mzito ghafla? Lile jina ndilo linalowatetemesha wapinzani. Tunakupenda wewe. Haya, kimbia, Harufu, kimbia!"

Akakimbia. Lakini alikwishamaliza kuongea, na Mwalimu hakujua.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mama mtu alikuja na kitana bado kimechomekwa kichwani, kwa sababu alimwacha mteja sebuleni amesukwa upande mmoja tu na kumwambia asitoke nje. Mdogo mtu alivaa kandambili, viatu bado viko chini ya kitanda, akasimama vidole vinaugusa mstari wa chokaa karibu na goli. Baba alikuwa kazini. Mashimo hayajui fainali. Firimbi ikalia.

Senta alipata mpira, akakwepa mmoja, akainua kichwa. Alikuwa mchezaji huyo, tusimnyime haki yake. "Harufu!" akaita, akarusha. Mpira ulikuja vizuri, usawa wa kifua, wenyewe unaomba kudakwa.

Mfungaji hakuinua mikono. Aliiacha imening'inia mapajani, akautazama mpira ukimpita sikioni na kutoka nje.

Watu wakaguna. Senta akadhani jua limemwingia machoni. Mpira ukarudi, wapinzani wakafunga, mchezo ukaanza upya, na Senta akaupata tena. "Harufu!" Mpira ukamgonga begani, ukadunda, ukachukuliwa. Mara ya tatu aliyeita alikuwa Kijiti, msichana mwembamba aliyecheza ubavuni kwake. "Harufu, wako!" Ukatua miguuni mwake, akausogeza kwa ncha ya kiatu kama mtu anayesogeza stuli.

"Unaumwa?" Senta akapayuka kutoka katikati ya uwanja.

"Siumwi."

"Sasa mbona hudaki?"

"Sijaitwa."

"Nimekuita, kiziwi wewe!"

"Umemwita mtu mwingine," Mfungaji akasema. "Mwambie adake."

Pale kwenye mstari, mdogo mtu aliweka mikono yote miwili mdomoni.

Mashabiki, wakidhani anahitaji kutiwa moyo, wakabana pua na kuanza wimbo wao. Ha-ru-fu! Ha-ru-fu! Safari hii hakutabasamu. Aliwageukia, akakunja mikono kifuani, akawakazia macho mmoja mmoja, mpaka walioko mbele wakashusha vidole kutoka puani na kuanza kutazama viatu vyao. Wa nyuma waliendelea, lakini wimbo ulishakatika miguu. Kisha wakaja wale wenye hasira. "Mtoeni! Anatuuza huyo! Mtoeni!" Mwalimu wa Michezo alipuliza firimbi yake mpaka mashavu yakavimba, ingawa haikuwa zamu yake kupuliza, na mwamuzi akamwonya. Wa kumbadilisha alikuwepo, lakini huyo akilenga goli mpira unagonga mti ulio nyuma. Wapinzani walikuwa wanafunga tu. Mpaka mapumziko walikuwa mbele kwa magoli ya kutosha kumwaibisha mtu.

Wakakaa chini pembeni, chupa za maji zikizunguka. Mwalimu hakukaa.

"Niambie," akasema, akimsimamia Mfungaji kichwani. "Niambie umekula nini leo. Shule nzima ipo hapa! Mkuu wa shule yupo pale! Unatuangamiza kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya sheria yako, mwalimu. Mpira ni wa aliyeitwa. Mimi sijaitwa tangu mechi ianze."

"Kijina cha utani tu! Utani, jamani! Nani hana jina la utani hapa? Huyu ni Kijiti, amelia? Huyu ni Bubu, amelia?"

Bubu alikuwa mlinzi wa goli upande wa pili, msichana aliyeongea kwa nadra mno, na sauti yake wengine hawakuikumbuka. Aliweka chupa chini taratibu.

"Na wewe unalo, mwalimu," akasema Bubu.

Kijiti alimkanyaga mguu. Bubu hakusogea.

"Mimi nina nini?"

"Jina."

"Jina gani? Semeni. Mimi si mtu wa kuogopa utani. Semeni!"

"Kitambi," akasema Bubu. "Shule nzima. Tangu zamani. Ukigeuka tu."

Basi ungemwona yule baba wa watu. Mkono wake ulikwenda wenyewe ukashika fulana na kuivuta chini. Kicheko alichokuwa amekiandaa kikakwama njiani. Akawatazama watoto wake mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetazamwa aliinamisha kichwa, kwa hiyo akajua ni kweli.

"Hata ninyi? Timu yangu?" akauliza, sauti imepungua.

"Ni utani tu, mwalimu," akasema Mfungaji, akimtazama usoni bila kupepesa. "Mbona umekuwa mzito ghafla? Tunakupenda."

Lilimwingia. Alisimama pale, fulana bado ameishika, jasho likimteremka kwenye masikio. Mtu mzima kusutwa na mtoto aliyemfundisha mwenyewe kudaka mpira, si mchezo. Mwingine angetafuta fimbo. Yeye alivuta pumzi, akapangusa uso kwa kiganja.

"Muiteni jina lake," akasema. "Haya, simameni. Muiteni jina lake tucheze mpira."

Wote wakaitikia, ndiyo mwalimu, wakainuka upesi. Na hapo palikuwa na jambo ambalo kila mmoja alilimeza kimyakimya, kila mmoja akidhani ni lake peke yake. Wewe subiri tu.

Kipindi cha pili kikaanza. Mpira ukafika kwa Senta, mahali pazuri kabisa. Mbele, Mfungaji alikuwa amemkimbia mlinzi wake, yuko huru, macho kwa Senta, mikono chini, anangoja. Senta akainua mpira. Akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Alifungua tena. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliyefika mlangoni kwake na kukuta hana ufunguo. Miaka yote hiyo, dawati moja, timu moja, wamegawana maembe na homa, na jina hakulijua. Alilijua moja tu, lile alilolitengeneza mwenyewe. Mwamuzi akapuliza: ameshika mpira kupita muda. Ukachukuliwa.

"Muite!" Mwalimu akapiga kelele.

"Muite wewe!" Senta akajibu, karibu kulia. "Anaitwa nani?"

Mwalimu naye akafungua mdomo, akaufunga. Senta akamgeukia Kijiti; Kijiti akatikisa kichwa. Akamtazama Bubu; Bubu alikuwa anatazama nyasi. Uwanja mzima ule, walioimba hadi sauti zikakauka, hakuna aliyekuwa na jina la binti waliyekuwa wanamwimbia. Mfungaji aliona jinsi walivyokuwa wanatafutana machoni. Alidhani wanalijua wakakataa kulitumia. Hilo la kutolijua kabisa lilimuuma kuliko wimbo.

Angeweza kuwatajia. Midomo ilimchezacheza. Lakini aliibana. Kama wanalitaka, walitafute.

Wapinzani wakafunga tena, mpira ukarudi katikati, ukafika mikononi mwa Senta, na Senta akasimama nao. Hapo kwenye mstari wa chokaa ikatoka sauti ya mapengo, kali, ya mtoto aliyezaliwa na domo lake.

Mdogo mtu alilitamka jina la dada yake. Alilitamka lote, la kwanza lile ambalo baba yao alilichagua mwenyewe siku alipozaliwa, na la baba likafuatia, tena akalirudia kwa sauti ya kupasua, akiruka na kandambili zake mpaka moja ikamtoka ikaingia uwanjani. "Ndiyo jina lake!" akamkemea Senta, kidole juu. "Liseme! Liseme!"

Senta akalisema. Mara ya kwanza alilitoa vibaya, ulimi unaogopa. Kisha akavuta pumzi kutoka tumboni akaliita kwa nguvu, uwanja ukalisikia, na mpira ukafuata.

Mfungaji akainua mikono.

Akaudaka juu kabisa, akageuka, akalenga, ukaingia bila kugusa chuma. Hakuna aliyeimba, maana hawakuwa na wimbo wenye jina hilo. Wachache walipiga makofi. Ulipokuja wa pili akafunga, na wa tatu, na Kijiti akalishika jina na kulipenda mdomoni akawa analiita hata asipokuwa na mpira. Walikimbia siku ile mpaka wakatapika maji waliyokunywa. Walikomboa, wakakomboa, wakakaribia kabisa, na firimbi ya mwisho ikalia wakiwa wamepungukiwa goli moja.

Ndiyo, walishindwa. Ulidhani nitakwambia walibeba kombe? Kombe lilibebwa na wengine, mbele ya macho yao, kwa nyimbo.

Watu walimsema. Aliyepita alitema neno, mwingine akamwambia ameiaibisha shule. Mfungaji alikaa chini akifungua kamba za raba zake. Senta akaja akasimama mbele yake, machozi na vumbi vimeshikana mashavuni.

"Tumekosa kombe kwa sababu ya jina lako," akasema.

"Mmelikosa kwa sababu hamkulijua."

Senta akakaa chini kwenye nyasi, akakumbatia magoti. Akalitamka tena lile jina, polepole, kwa kujifunza, akauliza kama amepatia.

"Umepatia," akasema Mfungaji. Hakumwambia yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

Mazoezi yaliyofuata, Mwalimu wa Michezo alikuja na fulana mpya, pana. Akawasimamisha kwenye duara, akasema kabla mpira haujatoka kwenye wavu kila mtu ataje anavyotaka kuitwa, na asiyetumia hilo atazunguka uwanja, awe nani awe nani. Wakataja. Kijiti alisema yeye ni Kijiti na abaki Kijiti, jina amelipenda, na atakayelibadilisha watapigana. Bubu alitaja jina lake, la herufi chache tu, zuri, na wenzake wakashangaa lilikuwa wapi siku zote. Ikafika zamu ya Mwalimu. Akakohoa. "Mwalimu," akasema. "Basi, Mwalimu inatosha." Siku hiyohiyo akasahau, akamwita Mfungaji lile la zamani kwa mazoea. Duara zima likamtazama. Akaweka firimbi mfukoni, akaanza kuzunguka uwanja, tumbo likitangulia, na hakuna hata mmoja aliyecheka mpaka alipofika upande wa mbali kabisa.

Lakini nimeruka mbele. Turudi Jumatatu asubuhi, kabla ya hayo.

Mdogo mtu alitambaa chini ya kitanda, akatoka na viatu, utando wa buibui kichwani. Dada yake akamfunga kamba. Wakapanda garini, baba akawasha, wakaenda, na kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi baba akasimama kama kawaida.

"Mbona tumesimama?" akauliza mdogo mtu.

"Kule mbele hakuna pa kugeuzia," akasema baba.

"Papo," akasema Mfungaji. "Pana, baba. Papo siku zote."

Baba akamtazama binti yake mkubwa. Akatazama usukani. Akapangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Kisha akaingiza gia, na lile gari la kijani likaenda na bomba lake na mngurumo wake mpaka getini penyewe, na baba akapiga honi ndefu ambayo haikuwa na sababu yoyote.

Watoto waligeuka. Vidole vikapanda puani, kwa mazoea. Mdogo mtu akateremka kinyumenyume, begi linambamiza makalio, akaenda moja kwa moja hadi pale wa darasa la kwanza walipokuwa wanarushiana mpira wa matambara.

"Harufu Ndogo!" akaita mmoja, akamrushia.

Mfungaji alishika mlango wa gari ateremke. Baba akamshika mkono.

Mdogo mtu hakuinua mikono. Aliiacha imening'inia, akainua kidevu, akatazama juu ya vichwa vyao, na mpira ukampita ukajigonga kwenye geti.

"Wee! Mbona hudaki?"

"Umemwita nani?"

"Wewe!"

"Hayupo huyo."

Yule mtoto akaenda akauokota mpira. Akarudi, akasimama, akajikuna shingo. Wenzake walikuwa wanangoja, na kengele ilikuwa karibu kulia. "Haya," akasema, "kwani unaitwa nani?"

Akamwambia. Alimwambia kwa sauti iliyovuka injini, na baba yake kule juu garini akalisikia jina alilompa. Mtoto akaliita, akarusha, na mdogo mtu akaudaka kwa mikono miwili.